Bi Kidude: Bibi wa msondo aliyeishi kwa ngoma na watu

Jina lake la kuzaliwa ni Fatuma binti Baraka, lakini ukilitaja hilo mtaani wengi watakuuliza ni nani huyo. Sema Bi Kidude, na hata kijana wa Musoma ambaye hajawahi kuvuka maji kwenda Zanzibar atakwambia: yule bibi wa taarab, mwenye sauti nzito na sigara mkononi.

Alifariki dunia Aprili 17, 2013 huko Bububu, Zanzibar. Hapa kuna mambo ya kujua kuhusu maisha yake, sanaa yake na watu waliomshika mkono.

Alizaliwa lini?

Hakuna mwenye tarehe kamili. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, baba yake akiwa muuza nazi. Mwenyewe alikuwa akisema amezaliwa enzi za rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi miaka ya 1930. Ndiyo maana wengi waliamini alipofariki alikuwa na miaka 100 au zaidi.

Inasimuliwa kwamba aliozeshwa akiwa binti mdogo, akaikimbia ndoa hiyo na kuvuka kwenda bara. Ndoa ya pili nayo haikudumu. Alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akiimba, kisha akarudi Zanzibar miaka ya 1940. Hakujaliwa kupata mtoto.

Mwanafunzi wa Siti

Aliyemvutia kwenye uimbaji ni Siti binti Saad, mwanamke aliyerekodi santuri za Kiswahili huko Bombay mwaka 1928. Kidude alijifunza kwa kumsikiliza, na nyimbo za Siti aliendelea kuziimba miaka mingi baada ya mwalimu wake kufariki mwaka 1950. Muhogo wa Jang'ombe, wimbo ambao vijana wengi wanadhani ni wa Bi Kidude, ulitoka kwa Siti.

Tofauti yao ilionekana jukwaani. Siti aliimba akiwa amejifunika, Kidude aliimba uso wazi.

Unyago ni nini hasa?

Kwa msomaji wa Bunda au Butiama, neno hili linaweza kuwa geni kidogo. Unyago ni mafunzo ya jadi ya wasichana waliovunja ungo, na yameenea zaidi pwani na kusini mwa Tanzania. Wari, yaani wasichana wanaochezwa, hufundishwa na kungwi au somo kuhusu usafi, mwili, ndoa na mapenzi. Mafunzo hayo hutolewa kwa nyimbo, mafumbo na uchezaji wa kiuno. Mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia.

Bi Kidude alikuwa fundi wa kazi hiyo. Ngoma yake kubwa ilikuwa msondo, ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni kwa kanga na kuipiga akiwa ameipanda. Baadaye akaipandisha jukwaani, mbele ya wanaume kwa wanawake, Ulaya na hata Japani.

Hapo ndipo mjadala ulipo. Mambo ya ndani ya unyago yana miiko, na mwanamke anayekata kiuno hadharani, tena anayevuta sigara na kunywa pombe bila kujificha, hawezi kumpendeza kila mtu. Lakini Bi Kidude hakubadilika ili apendwe. Waliompenda walimchukua kama alivyo.

Marafiki wa kazi

Miaka ya 1980 alisafiri nje ya nchi na kundi la Twinkling Stars la mwimbaji Mohamed Ilyas. Baadaye alipanda majukwaa pamoja na Culture Musical Club, kundi kongwe la taarab Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004, likawa kama nyumbani kwake.

Vijana nao hawakumwacha. Kundi la Offside Trick lilimshirikisha kwenye kibao Ahmada, na ghafla bibi wa enzi za rupia akawa anapigwa kwenye daladala.

Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Andy Jones kuhusu maisha yake, As Old As My Tongue.

Kutunza: shukrani ya pande mbili

Kwenye taarab, shabiki hamalizii kwa kupiga makofi. Anainuka, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji noti. Aliyezoea kuona mpiga litungu akitunzwa kwenye sherehe za Mara ataelewa haraka. Kwenye taarab, noti ile ina ujumbe pia: mwanamke anaweza kusubiri mstari unaomgusa ndipo ainuke, na mlengwa akijijua, basi ujumbe umefika. Mwimbaji naye hushukuru palepale, kwa kuinamisha kichwa, kwa tabasamu au kwa kurudia ubeti.

Kwa msanii asiye na pensheni wala mtoto wa kumlea, watu wa namna hii ndio tegemeo. Pamoja na umaarufu wake wote, Bi Kidude aliishi maisha ya kawaida ya uswahilini, akijishughulisha pia na hina na dawa za miti shamba. Tuzo na safari za nje hazikumfanya tajiri.

Alipozikwa Aprili 18, 2013, umati ulifurika, na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alikuwa miongoni mwa waombolezaji.

Swali alilotuachia bado lipo: wasanii wa jadi waliobaki, wa msondo na hata wa litungu, wananufaika vipi wakiwa hai? Kujaa msibani ni heshima. Kumtunza msanii angali anaimba ni heshima zaidi, maana hiyo anaiona mwenyewe.