Mjomba Simón na Nyimbo za Zizini

Kwenye harusi zetu huku ughaibuni, "Bamboléo" ikipigwa, hata mashangazi waliokwisha kuvua viatu huinuka tena kucheza. Wengi wetu tulidhani ni wimbo wa Hispania. Kumbe sehemu yake kubwa imetoka katika "Caballo viejo", wimbo wa mwaka 1980 wa mtunzi wa Venezuela, Simón Díaz. Kundi la Gipsy Kings la kusini mwa Ufaransa lilitoa "Bamboléo" mwaka 1987, na Díaz ametajwa miongoni mwa watunzi wake. Lakini nani husoma majina ya watunzi?

Díaz alizaliwa mwaka 1928 Barbacoas, katika jimbo la Aragua, akakulia kwenye utamaduni wa Llanos, nyanda pana za wafugaji. Huko watu hucheza joropo kwa kinubi, manyanga na cuatro, gita dogo la nyuzi nne. Ila kulikuwa na wimbo mwingine usiohitaji ala yoyote: tonada ya kukamua. Alfajiri mkamuaji humwita ng'ombe kwa jina lake, humwacha ndama anyonye kidogo, kisha humfunga karibu na mama yake. Anapokamua huimba taratibu, ng'ombe atulie na kuachia maziwa. Wimbo ulikuwa kifaa cha kazi, kama kamba na ndoo.

Díaz aliona nyimbo hizo zinapotea. Watu walikuwa wakihamia mijini, na malori yakibeba ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwa siku nyingi. Akaichukua tonada, akaitungia maneno mapya, akaiimba kwa cuatro hadi redioni na kwenye televisheni. Watoto wa Venezuela walimwita Tío Simón, yaani Mjomba Simón. "Tonada de luna llena" yake ikaimbwa hata na Caetano Veloso wa Brazili.

Hapa ndipo tulipobishana kikaoni. Je, aliuokoa wimbo wa zizini, au aliutoa zizini tu? Díaz alifariki mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, UNESCO iliziweka nyimbo za kazi za Llanos, za Venezuela na Kolombia, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa hiyo umaarufu wa Mjomba Simón haukuwarudisha wakamuaji kwenye kuimba.

Hata hivyo hatumlaumu. Bila yeye, mtoto wa Caracas asingejua kwamba ng'ombe huimbiwa. Tunachokiona ni kwamba kuhifadhi ni jambo moja, na kutumia ni jingine. Sisi tulio na Kiswahili cha nyimbo na salamu tunalijua hilo vizuri: tunaimba bila kukosea, lakini bibi akipiga simu na kuuliza habari za masomo, tunampa mama simu.