Wimbo wa Krismasi kwa Klarineti: Chagua Do Kwanza

Klarineti ni ala ya kupuliza yenye bomba lililonyooka, matundu, vibonye vya chuma, na mdomo uliofungwa kipande kimoja chembamba cha tete kinachotetemeka mpigaji anapopuliza. Anayetajwa kuwa muundaji wake ni Johann Christoph Denner wa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18. Nchini Tanzania ala hii huonekana zaidi kwenye bendi za Polisi na za JWTZ kuliko makanisani, ambako kinanda kimeshika nafasi. Lakini mti wake ni wa kwetu. Klarineti bora duniani huchongwa kwa mpingo, mbao nzito inayozama majini, na mpingo huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji.

Mwanakwaya wa Nyarugusu, mkoani Geita, anayetaka kupiga wimbo wa Krismasi kwa ala hii haanzi kutoka sifuri ikiwa amelelewa na solfa, yaani Do, Re, Mi. Klarineti ya kawaida ni ya B flati, yaani nota inayoandikwa C husikika kama B flati ya kinanda. Aliyezoea nota za mistari peke yake hubabaika hapo. Wa solfa huhamisha Do tu, na wimbo unabaki uleule.

Tuchukue wimbo unaojulikana duniani kwa jina la Kijerumani, Stille Nacht. Maneno ni ya padri Joseph Mohr, muziki ni wa mwalimu Franz Xaver Gruber, na uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, kwa gitaa. Unasikika mwepesi kwa sababu mwendo wake ni wa polepole, lakini sauti zake zimetanuka: kutoka Do ya chini hadi Fa ya juu, oktava moja na sauti tatu zaidi. Upana huo ndio unaomshinda anayeanza bila kufikiri Do iwe wapi.

Klarineti ina ukuta katikati ya sauti zake. Filimbi na saksafoni zikipulizwa kwa nguvu ya juu huruka oktava moja. Klarineti huruka hadi sauti ya kumi na mbili. Kwa hiyo kati ya B flati ya koo, yaani ya mwisho kabla ya kuruka huko, na B inayofuata vidole hutoka karibu vyote wazi hadi vyote vimefunga. Ukiweka Do kwenye F ya chini, wimbo wote unaishia kwenye hiyo B flati, na ukuta hauguswi kabisa. So, La, So, Mi za mwanzo zinakuwa C, D, C, A. Kwa C, kidole gumba na vidole vitatu vya kushoto hufunga. Kwa D kidole cha pete kinainuka. Kwa A viwili vya kulia vinaongezwa. Penye ugumu ni pale wimbo unapopanda Re, Re, Fa: kutoka G, ambayo haifungwi tundu lolote, kwenda B flati inayotaka kidole cha shahada na gumba vibonyeze pamoja. Sehemu hiyo ijifunzwe peke yake, taratibu, mpaka shahada ibingirike badala ya kuruka.

Do ya F husikika E flati kwenye kinanda, chini kwa kinamama wa kwaya. Ni Do ya kujifunzia nyumbani. Kwa ibada, wimbo huu huimbwa vizuri Do ikiwa B flati ya kinanda, na hapo mpigaji anaandika Do yake kuwa C. Sasa ukuta unavukwa: La, La, Do, Ti, La inakuwa A, A, C, B, A. Mbinu ya wapigaji ni kuacha vidole vya kulia vikiwa vimefunga hata wakati A inapigwa, kwa kuwa A haiharibiki sana, na C inayokuja inavihitaji vyote. C hiyo yenyewe ni vidole vilevile vya F ya chini, kikiongezwa kibonye cha gumba.

Pumzi ifuate vituo vya waimbaji, mashavu yasivimbe. Tete la namba 2 au 2.5 linamtosha anayeanza. Gumu zaidi linamchosha midomo kabla ya ubeti wa pili.

Kuhusu ala yenyewe, kwa Nyarugusu napendekeza ya plastiki, hata kama roho inapenda mpingo. Mbao mpya hupasuka inapolowa ndani na kukauka nje, na Desemba mvua na jua hupokezana. Vumbi la makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu nalo huharibu pedi za vibonye, kwa hiyo ala ikae kwenye sanduku lililofungwa na ipitishwe kitambaa ndani kila baada ya kupigwa.

Anayeanza kabisa asisubiri Majilio. Midomo na vidole vinahitaji miezi, si wiki nne, kwa hiyo aanze mapema mwakani, na amwombe mwalimu wa kwaya ampangie sauti ya tenori kwanza, maana hiyo haipandi juu kama sauti ya kwanza.