Kuwaenzi Viongozi wa Sinagogi: Desturi na Historia Yake

Sinagogi ya kale haikuongozwa na rabi. Mwenye mamlaka alikuwa mkuu wa sinagogi, cheo ambacho wasomaji wa Biblia wanakifahamu kupitia Yairo wa Galilaya na Krispo wa Korintho. Huyo ndiye aliyeamua nani asome Torati na nani ahutubu, akalitunza jengo, na mara nyingi akatoa mfukoni mwake fedha za ukarabati. Ndiyo maana historia ya kuwaenzi viongozi wa Kiyahudi huanza na walei. Zamu ya marabi ilikuja baadaye.

Ushahidi maarufu zaidi ni jiwe la maandishi ya Kigiriki lililofukuliwa Jerusalem muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Linamtaja Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, ambaye baba yake na babu yake nao walishika cheo hicho. Alijenga mahali pa kusomea Torati na kufundishia amri, akaongeza nyumba ya wageni yenye vyumba na maji kwa waliotoka nchi za mbali. Wataalamu wengi wanaona kwamba jiwe hilo lilichongwa kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 BK.

Mfano wenye mambo mengi zaidi unatoka Afrika, katika mji wa Berenike, ambao leo ni Benghazi nchini Libya. Wayahudi wa huko walimshukuru mtu aitwaye Dionysios, aliyepiga lipu sakafu ya ukumbi wao wa mikutano na kuzipaka rangi kuta zake kwa gharama yake mwenyewe. Jumuiya iliazimia asamehewe michango ya lazima, na kila mkutano na kila mwandamo wa mwezi avikwe taji la mzeituni huku jina lake likitajwa. Kura zilipigwa kwa vijiwe, na zote zikatoka nyeupe, yaani za kukubali.

Jiwe la maandishi kutoka mji huohuo, la mwaka 55 BK, enzi za Kaisari Nero, limeorodhesha waliochangia kukarabati sinagogi. Walioanza kutajwa ni viongozi, kila mmoja drakma 10. Chini yao wamo watu wasio na cheo, na baadhi yao walitoa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Mmoja alitoa drakma 28. Wanawake wawili waliotoa drakma 5 wametajwa pia. Cheo kilitangulia fedha, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya harambee atalielewa upesi.

Heshima nyingine ilikuwa mahali pa kukaa. Kwa mujibu wa Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, sinagogi kuu ya Alexandria ilikuwa na viti 71 vya dhahabu kwa wazee 71. Hesabu hiyo huenda ina chumvi, lakini maana yake iko wazi. Katika Asia Ndogo, mwanamke aitwaye Tation alijenga ukumbi na kuzungushia uzio ua wake, naye akazawadiwa taji la dhahabu na kiti cha mbele. Huko Korazini, kaskazini mwa ziwa la Galilaya, kimepatikana kiti cha jiwe jeusi chenye maneno ya Kiaramu ya kumkumbuka kwa wema Yudan mwana wa Ishmaeli.

Marabi wa karne za mwanzo walikuwa walimu na waamuzi wa sheria, nao waliishi kwa kazi za mikono: Talmudi inamtaja Yohanan mshona viatu na Isaka mhunzi. Kulipwa kwa ajili ya Torati kulionekana aibu, na baadaye msomi Maimonides, aliyekuwa tabibu huko Misri, aliukemea mtindo huo kwa ukali. Mambo yalibadilika kwa shida ya watu. Simeon ben Zemah Duran alikuwa tabibu huko Majorca hadi mauaji ya Wayahudi ya 1391 yalipomkimbiza Algiers. Huko utabibu haukumlisha, akakubali mshahara wa urabi, na hoja iliyotumika ni kwamba analipwa fidia ya muda anaoupoteza, wala si bei ya elimu.

Tangu hapo heshima ya rabi na ya mlei zilienda sambamba, na ibada yenyewe inaonyesha hivyo. Asubuhi ya Sabato, sinagogi za mapokeo ya Ulaya Mashariki huwaombea kwa Kiaramu wakuu wa vyuo vya Babeli, ingawa vyuo hivyo vilikwisha karne nyingi zilizopita. Muda si mrefu hufuata dua ya Kiebrania ya kuwaombea wanaotoa taa za kuangazia, divai ya kubarikia Sabato, mkate wa wageni na sadaka ya maskini, pamoja na wote wanaoshughulikia mahitaji ya jumuiya kwa uaminifu. Dua hiyo haimtaji mtu kwa jina, na pengine ndiyo heshima ya haki kuliko zote, kwa kuwa haitazami ukubwa wa mchango.

Kilele huwa sikukuu ya Simhat Torah, Torati inapomalizwa kusomwa na kuanzwa upya. Anayeitwa kwenye fungu la mwisho huitwa bwana harusi wa Torati, na anayeitwa kwenye fungu la kwanza ni bwana harusi wa Mwanzo. Zamani nafasi hizo mara nyingi zilimwendea msomi au mtoaji mkubwa. Siku hizi jumuiya nyingi huwapa walioitumikia sinagogi kwa miaka mingi, na baadhi huwaita wanawake pia. Nchini Marekani imeongezeka karamu ya kumpongeza rabi au mwenyekiti, ambayo wakati huohuo huchangisha fedha.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wa walei walioongoza kabla ya marabi. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alitahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale, Uganda. Hakuwa rabi. Alipofariki 1928 wazee waliendelea kuongoza, na utawala wa Idi Amin ulipoipiga marufuku dini yao, walisali kwa siri. Gershom Sizomu wa jumuiya hiyo alipata daraja la urabi mjini Los Angeles mwaka 2008, miaka 80 baada ya kifo cha mwasisi huyo. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo la Bungokho Kaskazini walimchagua kuwa mbunge wao.