Kumbukumbu ya Muda Mrefu

Kumbukumbu ya muda mrefu ni uwezo wa ubongo wa kuhifadhi mambo kwa dakika kadhaa, kwa miaka au kwa maisha mazima, hata baada ya mtu kuacha kuyafikiria. Hutofautishwa na kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo humwezesha mtu kushika namba ya simu kwa sekunde chache mpaka amalize kuibonyeza. Wataalamu huigawa mafungu mawili makubwa. Kumbukumbu bayana ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuieleza: aliyoyaona, aliyoyasoma, watu anaowajua. Kumbukumbu fiche huonekana katika matendo tu: stadi za mikono, mazoea, hofu. Kila fungu lina matawi yake, na kila tawi hutegemea sehemu tofauti za ubongo, kiasi kwamba moja laweza kuharibika kabisa na jingine likabaki zima. Mengi yanayofahamika kuhusu mgawanyo huu yalitokana na wagonjwa waliopoteza tawi moja na kubakiwa na mengine.

Upasuaji wa Hartford

Mgonjwa aliyebadilisha taaluma hii alikuwa Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut. Kifafa kilimwanza utotoni, na alipofikisha miaka 27 kilikuwa kimemzidi hata hakuweza tena kufanya kazi. Tarehe 25 Agosti 1953, mjini Hartford, daktari mpasuaji William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo nyuma ya panja zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini kuanzia siku hiyo Molaison hakuweza kuweka jambo jipya kichwani. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alipokewa kama mgeni.

Akili yake haikuwa imedhoofika. Alizungumza vizuri, alifuata utani, aliweza kushika tarakimu chache alizosomewa mradi asikatizwe, na mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Mwaka 1957 Scoville na mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal walichapisha taarifa yake wakimtaja kwa herufi H.M. tu, na jina hilo la siri lilitumika hadi alipofariki mwezi Desemba 2008. Taarifa hiyo ilionyesha mambo matatu: kushika jambo kwa sekunde na kulihifadhi kwa miaka ni kazi mbili tofauti, hipokampasi inahitajika ili jambo jipya lihifadhiwe, na kumbukumbu za zamani sana hazikai humo, maana kiungo kilitolewa zikabaki.

Jambo la nne lilidhihirika katika utafiti ambao Milner aliuchapisha mwaka 1962. Alimpa Molaison kazi ya kufuatisha kwa penseli mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo humsumbua kila mtu mwanzoni, kwa sababu kioo hugeuza mwelekeo. Kwa siku tatu mfululizo Molaison alizidi kuwa hodari, na kila siku alidai hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari.

Kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya maarifa

Upande wa kumbukumbu bayana una matawi mawili, na aliyeyatenganisha ni Endel Tulving, mwanasaikolojia mzaliwa wa Estonia aliyefundisha Toronto, katika maandishi yake ya mwaka 1972. Kumbukumbu ya matukio huhifadhi mambo yaliyompata mtu mwenyewe, pamoja na mahali na wakati wake: siku ya matokeo ya mtihani, nani alileta habari, mvua ilikuwa ikinyesha au la. Kumbukumbu ya maarifa huhifadhi mambo yasiyofungamana na siku yoyote. Mtu anajua kwamba Dodoma ni makao makuu ya Tanzania, lakini ni nadra akumbuke nani alimwambia, na lini.

Ushahidi wenye nguvu ulimfikia Tulving kupitia Mkanada aliyejulikana kwa herufi K.C., ambaye alijeruhiwa vibaya kichwani katika ajali ya pikipiki mwaka 1981. K.C. alijua kucheza sataranji, alijua ramani ya nyumba yao na majina ya shule alizosoma. Hata hivyo hakuweza kukumbuka tukio hata moja la maisha yake kama mtu aliyekuwepo. Alijua kwamba kaka yake amefariki, lakini siku aliyopewa habari hiyo ilikuwa imefutika. Alipoulizwa atafanya nini kesho, alisema kichwani hamna kitu. Ndipo ilipoanza kuonekana kwamba uwezo wa kurudi jana kwa fikra na ule wa kwenda kesho una uhusiano wa karibu.

Hali ya kinyume nayo ipo. Mwaka 1975 Elizabeth Warrington wa London alieleza wagonjwa ambao maana za vitu zilikuwa zikiwatoka polepole. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kusimulia mambo ya juzi, lakini akionyeshwa picha ya ngamia atasema ni mnyama tu, na baadaye hata hilo likampotea. Kwa wagonjwa hao, uharibifu huanzia sehemu ya mbele ya ubongo ulio nyuma ya panja.

Stadi na mazoea

Mwanamke wa pwani anayesuka ukili huzungumza na jirani, humkanya mtoto, na vidole vinaendelea bila kukosea. Akiombwa aeleze kila mkunjo kwa maneno, itambidi asuke kidogo, ajitazame, ndipo aseme. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya stadi: huingia polepole kwa kurudiarudia, haielezeki kirahisi, na ikishakolea hudumu hata baada ya miaka ya kutotumiwa. Kuogelea, kuendesha baiskeli na kuandika kwa mkono vimo katika tawi hili.

Stadi hazitegemei hipokampasi. Hutegemea zaidi ubongo mdogo ulio kisogoni, unaorekebisha mwendo na wakati wake, na mafundo ya seli yaliyo katikati ya ubongo, yale yale yanayoathirika katika ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa katika mchezo wa kubashiri mvua au jua kwa kutazama kadi. Uhusiano wa kadi na hali ya hewa ulikuwa wa kubahatisha, hivyo haungeweza kukaririwa. Ulijulikana kwa mazoea tu. Wagonjwa waliopoteza kumbukumbu bayana waliendelea kubashiri vizuri zaidi na zaidi, ingawa baadaye walishindwa kueleza kilichofanyika. Wenye Parkinson walikumbuka vizuri chumba, kadi na maswali, lakini ubashiri wao haukupata nafuu.

Mfano unaojulikana sana ni wa Clive Wearing, mwanamuziki Mwingereza. Mwaka 1985 virusi vilishambulia ubongo wake, na tangu hapo kila baada ya muda mfupi huona kama ndiyo kwanza ameamka. Akikalishwa mbele ya piano hupiga, na amewahi kuiongoza kwaya kwa ustadi, kisha muda si mrefu akakana kwamba amefanya hivyo.

Hofu na vidokezo

Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alisimulia jaribio alilomfanyia mgonjwa wake, mwanamke ambaye hakuweza kumtambua daktari huyo kutoka siku moja hadi nyingine. Claparède alificha pini mkononi na kumchoma alipompa mkono. Baadaye mgonjwa alikataa kuupokea mkono wake, na alipoulizwa sababu hakuwa na maelezo ya maana. Maumivu yalikuwa yamehifadhiwa mahali ambapo maneno hayafiki.

Mahali hapo pana jina: amigdala, fundo dogo la seli lililo mbele ya hipokampasi. Utafiti wa mwaka 1995 ulilitenga kwa namna ya pekee. Wagonjwa watatu walionyeshwa rangi mbalimbali, na baada ya rangi ya buluu ilifuata honi kubwa ya meli yenye kushtua. Aliyeharibika amigdala alijua fika kwamba buluu huleta honi, lakini ngozi yake haikutoa jasho la hofu. Aliyeharibika hipokampasi alitoa jasho kila alipoona buluu, asijue kwa nini. Aliyeharibika sehemu zote mbili hakujua wala hakuogopa.

Tawi jingine la kumbukumbu fiche ni kudokezwa: kitu kilichowahi kuonwa hutambuliwa upesi zaidi mara ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Warrington na Lawrence Weiskrantz waliwaonyesha wagonjwa wa kusahau picha zilizofutwafutwa, kisha zikakamilishwa hatua kwa hatua. Siku zilizofuata wagonjwa walizitambua mapema kuliko mara ya kwanza, ingawa walikuwa wamesahau kwamba waliwahi kufanya zoezi hilo.

Jinsi kumbukumbu inavyojengwa

Seli za ubongo hupelekeana ishara kwenye viungio viitwavyo sinapsi. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya Oslo kwa sungura: ishara za umeme zilizofuatana kwa haraka ziliimarisha sinapsi za hipokampasi kwa saa nyingi. Eric Kandel, kwa upande wake, alimchagua konokono wa bahari aitwaye Aplysia, ambaye seli zake za neva ni chache na kubwa. Aliona kwamba kujifunza kwa muda mfupi hubadilisha nguvu ya sinapsi zilizopo, ilhali kujifunza kwa kudumu huhitaji jeni kuwashwa, protini mpya kutengenezwa na sinapsi mpya kuota. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2000.

Kwa kumbukumbu ya matukio kuna hatua ya ziada. Picha, sauti na harufu za tukio moja huhifadhiwa sehemu mbalimbali za gamba la ubongo, na hipokampasi ndiyo inayoziunganisha. Baada ya muda, gamba hujenga viunganisho vyake lenyewe. Usingizi una nafasi kubwa katika kazi hiyo: mwaka 1994 ilionekana kwamba seli za hipokampasi za panya zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akitembea huwaka tena pamoja akiwa amelala.

Kiungo hiki hubadilika kwa matumizi. Anayetaka leseni ya teksi nyeusi za London hutakiwa kujua kichwani kama mitaa 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, kazi ya miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire alionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ni kubwa kuliko kawaida. Je, walizaliwa hivyo? Jibu lilitolewa mwaka 2011: kati ya wanafunzi 79 waliofuatiliwa tangu mwanzo, 39 walifaulu, na ni hao waliofaulu tu ambao sehemu hiyo ilikua.

Kusahau, kukosea na kukariri

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alikuwa wa kwanza kuupima usahaulifu kwa hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alieleza jinsi alivyojikaririsha orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima amepunguza muda kiasi gani katika kuzijifunza upya. Baada ya saa moja akiba hiyo ilikuwa asilimia 44, baada ya siku moja 34, na baada ya siku 31 ilikuwa 21. Hasara kubwa hutokea mapema. Kinachobaki hupotea taratibu.

Kinachobaki nacho hugeuka. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari. Walioulizwa mwendo wa magari “yalipobamizana” walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa “yalipogusana” walisema kama 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, walioulizwa kwa neno kali walikuwa wepesi zaidi kudai wameona vioo vilivyovunjika, ilhali vioo hivyo havikuwapo. Kukumbuka ni kulijenga jambo upya kila mara, na ujenzi huo huchanganya vifaa vya baadaye. Ndiyo sababu ushahidi wa aliyeona kwa macho, hata akiwa mkweli, huchunguzwa kwa uangalifu.

Upo pia upande wa faida. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kwa kusoma tena, wengine kwa kujaribu kuviandika bila kutazama. Dakika tano baadaye wasomaji waliongoza; wiki moja baadaye waliojaribu kukumbuka waliwashinda. Vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki vimekuwa vikienda kwa njia hiyo tangu zamani: mwanafunzi anayehifadhi husoma kwa ghibu mbele ya mwalimu, na kabla ya kupewa sehemu mpya hurejea alizokwisha kuzihifadhi.

Maradhi na matunzo

Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi na maeneo jirani yake. Hivyo mgonjwa husahau mazungumzo ya asubuhi huku akisimulia harusi yake ya miaka 50 iliyopita, na stadi za mikono huweza kudumu muda mrefu baada ya majina kupotea. Tofauti hiyo hutumika katika matunzo. Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wenye tatizo kubwa la kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wanapozuiwa kubahatisha na kupewa jibu sahihi tangu mwanzo. Mtu mzima wa afya akikosea hukumbuka kwamba alikosea, akajirekebisha. Aliyebakiwa na kumbukumbu fiche peke yake hana kumbukumbu ya kosa hilo kama kosa, lakini kosa lenyewe limeshaingia katika mazoea yake. Kwa hiyo anayemfundisha njia ya kwenda bafuni humshika mkono na kuipita pamoja naye mara nyingi, bila kumuuliza kwanza kama anaikumbuka.