Simenti ndani ya mfupa wa mgongo: inasaidia nani?

Watu wa umri, zaidi wamama waliokwisha acha kuona mwezi, mifupa yao inaweza kupoteza nguvu. Ugonjwa huo unaitwa osteoporozi. Hapo hata kuinua bido ya maji kunaweza kuvunja pingili ya mgongo.

Mwaka 1984, huko Amiens, Ufaransa, waganga Galibert na Deramond walipitisha sindano nene mpaka ndani ya pingili iliyoharibiwa na uvimbe, wakaingiza simenti. Siyo ile ya kujengea nyumba: ni aina ya plastiki inayokauka ndani ya dakika chache. Kisha njia hiyo ikatumika pia kwa osteoporozi.

Lakini mwaka 2009, tafiti mbili zilionyesha kwamba wagonjwa waliopata simenti na wale waliofanyiwa kama vile tu, bila simenti, maumivu yao yalipungua karibu sawasawa. Tena simenti inaweza kuvuja mpaka kwenye mishipa ya fahamu ama mapafu.

Basi, mbele ya kuuzisha shamba juu ya safari ya matibabu, ulizeni munganga kwanza. Mara nyingi maumivu yanapungua ndani ya wiki 6 mpaka 12, kwa dawa na kutembea polepole. Lakini miguu ikikosa nguvu ama mkojo ukizuia, msingoje: kimbieni hospitali.