Okutoyi, Angella

Angella Okutoyi (alizaliwa Nairobi, 29 Januari 2004) ni mchezaji wa tenisi wa Kenya, na Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mojawapo ya mashindano manne makubwa ya mchezo huo. Taji hilo alilipata Wimbledon, Uingereza, Julai 2022, katika mchezo wa wawili wawili, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Kabla yake, jina kubwa la tenisi ya Kenya lilikuwa Paul Wekesa, ambaye katika miaka ya 1990 alifika nafasi ya 100 katika orodha ya ubora ya wanaume duniani.

Okutoyi na pacha wake, Roselida Asumwa, naye mchezaji wa tenisi, walifiwa na mama yao walipozaliwa, wakalelewa na bibi yao. Bibi huyo alikuwa mfanya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, na familia iliishi hapo hapo shuleni, kwenye nyumba za wafanyakazi. Shule ilikuwa na uwanja wa tenisi. Pacha hao walianza kushika raketi wakiwa na umri wa miaka minne hivi. Tenisi iliingia Kenya, kama ilivyoingia Tanganyika na Uganda, kwa mkono wa wakoloni, ikakaa kwenye klabu zao, na hata baada ya uhuru viwanja vingi vilibaki nyuma ya kuta za klabu zenye ada. Mtoto wa nyumba ile asingeweza kulipa ada hizo. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilichokipa nafasi ni kwamba bibi yake aliajiriwa mahali penye uwanja, na uwanja huo haukufungwa kwa watoto wa wafanyakazi.

Milango mingine ilifunguliwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Akiwa bado mtoto alipelekwa Burundi, kwenye kituo cha mafunzo cha Afrika Mashariki mjini Bujumbura, hadi machafuko ya kisiasa nchini humo yalipowarudisha vijana makwao. Baadaye alipata nafasi katika kituo cha Casablanca, Moroko. Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa Afrika wa vijana nchini Tunisia, na Januari 2022 akawa Melbourne kwenye mashindano ya vijana ya Australia. Huko alimtoa Muitaliano Federica Urgesi kwa seti tatu, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana katika mojawapo ya mashindano manne makubwa. Alishinda na iliyofuata, kisha akatolewa na Mbelgiji Sofia Costoulas, ambaye aliendelea hadi fainali.

Fainali ya Wimbledon inastahili kuelezwa kwa urefu. Okutoyi na Nijkamp walikutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4. Katika mchezo huo wa vijana wa wawili wawili seti ya tatu haichezwi nzima. Huchezwa pointi mfululizo, na mshindi ni anayetangulia kufika 10 akiwa amewaacha wenzake kwa pointi mbili. Walipofika 9-9, kila upande ulihitaji pointi mbili tu za mfululizo. Okutoyi na Nijkamp wakazipata: 11-9. Wimbledon hiyo hiyo Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya wanawake, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo tangu mashindano hayo yaruhusu wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Waliosimama upande wa pili wa wavu hawapaswi kusahauliwa, Mboko hasa, aliyekuwa na miaka 15 siku ile. Wazazi wake ni Wakongo walioihama nchi yao mwaka 1999. Yeye alizaliwa Marekani na kukulia Kanada. Agosti 2025, mjini Montreal, alitwaa ubingwa wa wazi wa Kanada akiwa na miaka 18. Njiani aliwatoa Coco Gauff na Elena Rybakina, na katika fainali alimshinda Mjapani Naomi Osaka, bingwa mara nne wa mashindano makubwa na Mwasia wa kwanza kuongoza orodha ya ubora duniani ya mchezaji mmoja mmoja, kwa 2-6, 6-4, 6-1. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Okutoyi amfunge Wimbledon. Pengo lililofunguka baina yao halikutokana na kipaji peke yake. Kanada ina kituo cha taifa, makocha wa kudumu na mashindano ya kulipwa nyumbani. Mchezaji wa Nairobi hulazimika kupanda ndege karibu kila anapotafuta pointi za orodha ya ubora.

Kwa sababu hiyo Okutoyi alichukua njia ya chuo. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, ambako mwanamichezo hupata masomo, kocha na mechi za mara kwa mara. Machi 2024 alikwenda Accra kwenye Michezo ya Afrika, akatwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa kumshinda Mmisri Lamis Alhussein Abdel Aziz katika fainali ya seti tatu. Dhahabu hiyo ingempeleka kwenye Olimpiki ya Paris, kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni. Hakuwa ndani, na Paris ikampita. Ni hasara iliyouma, maana bingwa wa bara zima alizuiwa na pointi ambazo hupatikana kwa safari na fedha.

Msomaji aliye mbali na klabu, tuseme mwalimu wa michezo wa shule ya msingi huko Majimoto, mkoani Katavi, asidhani habari hii haimhusu. Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77, lakini ITF yenyewe huwaanzisha watoto kwenye uwanja wa mita 11 hivi, wenye wavu wa sentimita 80 na mipira myekundu laini inayokwenda polepole. Eneo hilo linatosha kuchorwa kwenye kiwanja cha shule, na wavu unaweza kuwa kamba. Walimu wanaoweza na wachore, na wawaruhusu watoto wote waingie.