Majina Mawili, Ndimi Mbili: Utada Hikaru na Lugha ya Mama

Tarehe 10 Machi 1999 ilitoka nchini Japani albamu ya kijana wa miaka 16, yenye jina la Kiingereza: First Love. Iliuza nakala zaidi ya milioni 7 nchini humo, na hadi leo hakuna albamu iliyouzwa kuliko hiyo katika historia ya Japani. Mwezi Juni 2018, msanii yuleyule, sasa akiwa na miaka 35, alitoa albamu nyingine yenye maana ileile ya pendo la kwanza, ila safari hii jina lake lilikuwa la Kijapani: Hatsukoi. Kati ya majina hayo mawili ipo miaka 19 ya kazi ya Utada Hikaru, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyezaliwa New York tarehe 19 Januari 1983.

Aghalabu kazi hiyo husimuliwa kama hadithi ya ushindi nyumbani na kushindwa ugenini: nyota wa Tokyo aliyejaribu kuiteka Marekani kwa Kiingereza, akashindwa, akarudi. Makala hii inapendekeza usomaji mwingine. Swali kubwa katika historia ya Utada linahusu kazi ambayo kila moja ya lugha zake mbili imefanya maishani mwake, na kwa nini jambo zito kuliko yote alilowahi kulisema alilisema kwa lugha ya mama yake. Kwa wasomaji wanaolea watoto mbali na pwani walikozaliwa, swali hilo si geni.

Tuanze na mama huyo. Fuji Keiko alizaliwa mwaka 1951 katika mkoa wa Iwate, akakulia Asahikawa, kaskazini kabisa mwa Japani. Wazazi wake walikuwa wasanii wa rōkyoku, sanaa ya masimulizi yanayoimbwa kwa kusindikizwa na shamisen, wakizunguka kutoka mji hadi mji kutafuta riziki. Fuji alianza kurekodi mwaka 1969, na katika mwaka 1970 albamu zake zilikaa kileleni mwa chati ya Oricon kwa wiki 37 mfululizo. Aliimba enka, nyimbo za majonzi, pombe, bandari na wapenzi walioachwa. Kama taarabu ya kale, enka haimtaki mwimbaji apige kelele. Humtaka aikunje sauti, aitikise, airefushe irabu moja mpaka msikilizaji ahisi kisichosemwa. Mapambo hayo ya sauti Wajapani huyaita kobushi. Mwaka 1979 Fuji alitangaza kuacha jukwaa, akaenda Marekani. Huko aliolewa na Utada Teruzane, mtayarishaji wa muziki, na mtoto wao wa pekee akazaliwa.

Mtoto huyo alikulia kati ya New York na Tokyo, na kati ya studio mbalimbali. Mwaka 1993 familia ilitoa albamu kwa jina la U3, yaani watatu wa ukoo wa Utada. Baadaye mtoto akaanza kuimba peke yake kwa jina la Cubic U, herufi U iliyopandishwa kwenye kipeo cha tatu, kana kwamba hata alipokuwa mmoja alibaki watatu. Albamu yake ya ujana, Precious, iliyotoka mwaka 1998, iliimbwa kwa Kiingereza katika mtindo wa R&B wa Wamarekani Weusi. Haikuvuma. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba Utada alianza na Kijapani kisha akajaribu Kiingereza ameipindua historia. Kiingereza kilitangulia.

Kijapani kilikuja Desemba 1998, kwa wimbo Automatic, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuelewa kilichotokea. Kijapani, kama lugha yetu, hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Maneno ya kigeni yakiingia huvishwa irabu mwishoni: basi letu kwao ni basu, hoteli yetu ni hoteru. Ushairi wao wa kimapokeo huhesabu vipande vya sauti, tano na saba, kama washairi wetu wanavyohesabu mizani. Lugha za namna hiyo hutiririka vizuri katika utenzi, lakini hupata taabu zikiwekwa juu ya midundo ya Kimarekani inayopenda silabi nzito na fupi zenye konsonanti za mwisho. Waimbaji wengi wa Kijapani walikuwa wamelikwepa tatizo hilo kwa kupachika viitikio vya Kiingereza.

Utada alilitatua kwa kuyakata maneno yenyewe. Mwanzoni mwa Automatic, neno la mkopo lenye maana ya mlio wa simu linakatwa katikati: nusu yake inabaki mwishoni mwa kipande kimoja cha wimbo, na nusu nyingine inaangukia mwanzoni mwa kinachofuata. Kwa mshairi wetu wa kimapokeo hilo lingekuwa kosa la wazi. Kwa masikio ya vijana wa Tokyo lilikuwa ufunguzi, kwa sababu walisikia Kijapani kikicheza bila kujigeuza lugha nyingine. Mtoto aliyeujua mdundo kwa Kiingereza na huzuni kwa Kijapani alikuwa ameviunganisha. Wakati nao ulimsaidia: mwaka 1998 ndio uliokuwa kilele cha soko la diski nchini Japani, kabla ya intaneti kulidhoofisha. Hata hivyo soko hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na hakuna mwingine aliyeuza nakala milioni 7.

Hata uandishi wa jina lake ulitangaza hali hiyo. Jina la ukoo, Utada, huandikwa kwa alama za kanji zenye asili ya China. Jina lake mwenyewe, Hikaru, lenye maana ya kung’aa, huandikwa katika kazi zake kwa katakana, hati ambayo siku hizi hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni. Ni jina moja katika hati mbili, ukoo ukikaa upande mmoja na mtu binafsi upande wa pili. Marekani ilipofika zamu yake, kampuni ilibakisha ukoo peke yake: Utada.

Kwa jina hilo, mwaka 2004, alitoa albamu ya Kiingereza iitwayo Exodus, yaani Kutoka, kama kile kitabu cha pili cha Musa. Timbaland, mmoja wa watayarishaji waliotafutwa sana siku hizo, alishiriki katika baadhi ya nyimbo. Nchini Japani albamu ilishika nafasi ya kwanza. Nchini Marekani, alikozaliwa, ilifika nafasi ya 160 katika chati ya Billboard. Wimbo mmoja, Devil Inside, ulipanda hadi kileleni katika chati ya muziki wa kumbi za dansi, lakini umma mpana haukumtambua. Mwaka 2009 alirudi na This Is the One, albamu iliyo laini zaidi na ya kawaida zaidi, ikafika nafasi ya 69.

Takwimu hizo ndizo zinazowafanya watu wazungumzie kushindwa, na chini yake imelala imani kwamba Kiingereza ni mlango wa dunia, na kwamba anayekijua vizuri akikataliwa mlangoni basi kasoro ni yake. Historia ya muziki wenyewe inaitilia shaka imani hiyo. Mwaka 1963 Sakamoto Kyū alishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa wimbo ulioimbwa kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilishwa ni jina tu: wauzaji waliuita Sukiyaki, jina la chakula kisicho na uhusiano wowote na maneno yake. Marekani ya 1963 iliweza kuipenda sauti ya Kijapani bila kuielewa, mradi iwe ya mgeni kamili. Utada hakuwa mgeni kamili. Alizungumza Kiingereza cha mzaliwa wa New York, aliimba mtindo wa New York, na uso wake ukawachanganya wauzaji waliotaka kujua wamweke kwenye rafu gani. Mwenyeji asiyefanana na picha ya mwenyeji hupata taabu ambayo mgeni haijui.

Na wakati kampuni ikihesabu nafasi ya 160, dunia ilikuwa ikimfikia kwa njia nyingine. Mwaka 2002 aliandika wimbo wa mchezo wa video Kingdom Hearts. Kwa Kijapani uliitwa Hikari, nuru, neno linaloandikwa kwa alama iliyo pia katika jina lake halisi. Kwa Kiingereza uliitwa Simple and Clean. Jambo la kuzingatia ni kwamba wimbo wa pili si tafsiri ya wa kwanza. Muziki ni mmoja, lakini kila lugha ilipewa mashairi yake, mazungumzo yake na taswira zake. Baadaye alifanya hivyo tena kwa nyimbo Passion na Sanctuary. Sisi tunaofundisha tafsiri tunajua ugumu wa kumshawishi mwanafunzi kwamba lugha mbili hazisemi jambo moja kwa nguo tofauti. Utada alilijua hilo kabla ya kufikisha miaka 20. Watoto wa nchi nyingi waliokuwa na vidhibiti vya mchezo mikononi walimkariri bila kuuliza ni wa taifa gani.

Mwaka 2010 alitangaza kupumzika. Alisema alitaka kufanya shughuli za kibinadamu, maana tangu akiwa na miaka 15 alikuwa msanii kuliko alivyokuwa mtu. Baada ya maonyesho mawili Yokohama mwezi Desemba, alinyamaza. Tarehe 22 Agosti 2013, katikati ya ukimya huo, Fuji Keiko alijitoa uhai jijini Tokyo baada ya kuugua akili kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Utada, ambaye sasa alikuwa akiishi London, alipata mtoto.

Albamu iliyofuata, Fantôme, ilitoka Septemba 2016. Jina lake ni la Kifaransa, lenye maana ya mzuka, lakini maneno ya nyimbo zake ni Kijapani karibu yote, tena Kijapani kilichopunguzwa mapambo. Mashabiki waliozoea viitikio vya Kiingereza waliona tofauti mara moja. Wimbo Hanataba wo Kimi ni, yaani shada la maua kwa ajili yako, ulitumiwa na shirika la utangazaji la NHK kufungulia tamthilia ya kila asubuhi, hivyo mamilioni ya watu waliusikia wakinywa chai, wengi wakidhani ni wimbo wa mapenzi. Ulikuwa wimbo wa kumuaga mama. Binafsi ninaiona Fantôme kuwa kilele cha kazi yake, juu ya First Love na mamilioni yake. Aliishi London, aliweza kuimba kwa lugha ya jiji alimoishi, na hakuna kampuni iliyomlazimisha. Alichagua lugha ambayo marehemu aliimbia. Maombolezo yana anayeelekezewa, na huyo ndiye huamua lugha.

Hatsukoi ya 2018 inasomeka vizuri zaidi katika mwanga huo. Kulitaja upya pendo la kwanza, kwa Kijapani, ni kulirudisha neno mahali lilipotoka. Hata hivyo hadithi haikuishia kwenye kurudi. Januari 2022 alitoa Bad Mode, ambamo Kijapani na Kiingereza vinaishi katika albamu moja, mara nyingine ndani ya wimbo mmoja, na lugha hubadilika katikati ya wazo kama zinavyobadilika katika jikoni za familia zetu za Muscat, Leicester au Minneapolis. Mwezi Aprili mwaka huohuo alipanda jukwaa la tamasha la Coachella, California, akaimba nyimbo za ndimi zote mbili, Automatic ya 1998 ikiwemo, kwa hadhira iliyoimba pamoja naye. Hakuwa na jina la soko safari hiyo. Alikuwa Utada Hikaru.

Lipo jambo moja zaidi ambalo Kiswahili kinatuwezesha kulisema kwa urahisi. Mwezi Juni 2021 Utada alieleza hadharani kwamba hajioni kuwa mwanamke wala mwanamume. Waandishi wa Kiingereza walianza kubishana juu ya viwakilishi. Wasikilizaji wa makini wa Kijapani walikuwa na dalili mapema: mwaka 2006, katika wimbo wa watoto kuhusu dubu, Boku wa Kuma, alijiita kwa kiwakilishi boku, ambacho kwa desturi ni cha wavulana. Nimeandika makala hii yote kwa kiambishi a- na neno yeye, na Kiswahili hakijanidai niamue lolote. Lugha ambayo hujaichagua huweza kukupa nafasi ambayo lugha yenye soko kubwa haikupi.

Ndiyo maana sikubali historia yake ifupishwe kuwa ya nafasi ya 160. Kiingereza kilimpa mdundo, na baadaye kikampa wasikilizaji kupitia mchezo wa watoto. Kijapani kilimpa riziki, kisha kikampa namna ya kumzika mama yake. Wazazi wengi wa ughaibuni hunung’unika kwamba mtoto akishaingia shule lugha ya nyumbani imekwisha. Miaka ya Utada inashauri subira, ila kwa sharti gumu: aliweza kurudi katika Kijapani cha mama yake kwa sababu mama huyo aliwahi kumwimbia kwacho. Mtoto harudi kwenye lugha ambayo hakuna aliyewahi kumwambia jambo la maana kwayo.